Redio inatutafuta siku ya mapishi tu: tuanzie wapi kudai mabadiliko?

MamaZabibu (Hombolo): Wakuu, habari za leo. Kikundi chetu cha wakulima wa zabibu tunataka kwenda kuongea na redio moja ya hapa Dodoma. Kipindi cha kilimo kinasema "mkulima na mkewe", bei wanaulizwa wanaume. Mafunzo ya dawa ya ubwiri unga (ugonjwa wa ukungu wa mizabibu) yakija wanaalikwa wao, wakati wapuliziaji ni sisi. Twende na nini ili watusikilize?

Kipaza: Dada, nendeni na hesabu. Rekodini habari na vipindi siku saba mfululizo, saa zile zile. Daftari liwe na safu sita: tarehe na saa, mada, jinsia ya anayeongea, anaongea kama nani (mtaalamu, msemaji, shuhuda, mpita njia), ametambulishwaje, sekunde ngapi. Safu ya tano ndiyo inayofichua mengi: mwanamume anaitwa "mkulima", mwenzake mwenye shamba la ukubwa ule ule anaitwa "mama wa watoto wanne". Wawili wasikilize rekodi moja, kila mtu kivyake. Wakipishana sana, basi hamjakubaliana mtaalamu ni nani. Rudini hapo kwanza.

Jamatini: Kwa Dodoma, tahadhari na Bunge. Kikao cha bajeti, Aprili hadi Juni, sauti za wabunge wanawake zinajaa hewani. Mkijumlisha, mtaona usawa ambao kwenye kilimo na biashara haupo. Habari za Bunge ziwe na karatasi yake. Cha kulinganishia kipo: GMMP, ufuatiliaji wa habari duniani. Mwaka 1995 wanawake walikuwa 17% ya watu wanaohojiwa au kuzungumziwa kwenye habari. 2020 wakafika 25%. Robo tu, baada ya miaka 25!

Kipaza: Matangazo nayo yahesabiwe mbali. Andikeni nani anatumia bidhaa na nani anaielezea. Sabuni: anayefua ni mwanamke, halafu sauti nzito ya mwanamume ndiyo inaeleza kwa nini inatakatisha. Mtoto anayesikia hivyo kutwa anajifunza mjuzi ni nani kabla hajaanza darasa la kwanza.

Chamwino_Juu: Msisahau utamaduni. Ngoma ya muheme hupigwa na wanawake wa Kigogo, na ni ufundi hasa. Ikitangazwa "akina mama wakitumbuiza wageni", bila jina la kiongozi wao, iandikeni safu ya tano.

MamaZabibu: Na wakisema wanawake wanakataa kuhojiwa?

Kipaza: Watasema. Mara nyingi simu imepigwa mara moja, jioni, mama yuko jikoni, au ameombwa kupitia kwa mume. Pelekeni orodha ya wanawake 12 waliokubali wenyewe: jina, simu, anachokijua hasa (kupogoa, ubwiri unga, bei, mikopo), na saa anazopatikana. Hesabu iwe ukurasa mmoja. Ombi liwe moja: kila kipindi cha kilimo awepo mwanamke anayeeleza bei au dawa, kwa miezi mitatu, kisha mhesabu tena. Barua iende kwa meneja wa vipindi, nakala yenu isainiwe. Mkiomba mambo kumi, watachagua lililo rahisi.

Jamatini: Kauli za kudhalilisha ni suala jingine. Kituo kisipojirekebisha, pelekeni TCRA, mamlaka ya mawasiliano, ina Kamati ya Maudhui. Rekodi, tarehe na saa viwepo.

MamaZabibu: Asanteni sana. Tunaanza Jumatatu, taarifa ya saa mbili usiku na kipindi cha kilimo. Daftari limeshapigwa mistari.