Walimu mlioacha kazi serikalini mkarudi, tupeane uzoefu

Mwl_Rungwe: Wakuu, habari za jioni. Niliacha kazi halmashauri 2019, nikaenda shule binafsi Mbeya mjini. Sasa nimepata barua ya ajira mpya serikalini na naogopa kwenda kuripoti. Mliorudi, mliulizwa nini? Mkataba ukoje?

Dada wa Mafinga: Barua ya kukubaliwa kuacha kazi unayo? Anzia hapo.

Mama Ikonda: Mwalimu, umenikumbusha machungu. Nilikuwa Makete, shule ya juu kabisa, asubuhi unakanyaga barafu kwenye majani. 2017 mwanangu akawa anaugua kifua, nikashuka naye Mbeya, nikapata shule binafsi. Nikajiambia barua nitaandika likizo. Sikuandika. Ukipitisha siku 5 bila ruhusa tayari ni utoro, mimi nilimaliza miezi. Machi 2020 shule zikafungwa kwa corona, mwajiri akasema mshahara hakuna, nikauza viazi Uyole. Baadaye nikaomba ajira tena, usaili nikapita. Nikafika kwa afisa utumishi na begi, godoro nimeliacha stendi. Akaingiza majina yangu, akanyamaza. Akanigeuzia kompyuta: cheki namba yangu (namba ya mtumishi wa serikali) ileile ya zamani, pembeni "amefukuzwa kazi". Akanirudishia vyeti kimoja kimoja, taratibu. "Mama, bila kibali cha Katibu Mkuu Kiongozi siwezi kukupokea." Nilikaa kwenye benchi nje mpaka wakafunga ofisi. Kibali nakifuatilia mpaka leo.

Kijana wa Mbozi: Pole sana mama. Hiyo ya godoro stendi imeniuma.

Mzee Mufindi: Pole, lakini tuseme kweli. Watoto wa Makete uliwaachia nani?

Mama Ikonda: Mzee wangu, shikamoo. Mwanangu alikuwa anakohoa damu.

Dada wa Mafinga: Mzee, hapo umekosea. Omba radhi.

Mzee Mufindi: Marahaba. Nisamehe mwanangu, sikujua.

Ticha Fizikia: Mama, barua ya mashtaka uliipata? Tume ya Utumishi wa Walimu wilaya lazima ikushtaki kwanza, na rufaa ipo. Usikae na kibali tu, fuatilia na jalada lako.

Kijana wa Mbozi: Rufaa miaka yote hiyo? Muda umeshapita. Kibali ndiyo njia.

Ticha Fizikia: Aombe kwa kuchelewa, aeleze ugonjwa wa mtoto. Kuuliza si kosa.

Mama Njombe: Mwl_Rungwe, mimi niliacha kwa barua, nikarudi salama. Ila jiandae: unaanza upya. Nilikuwa nimeshapanda daraja, nikarudishwa TGTS D1, ngazi ya mshahara ya kuanzia, na majaribio miezi 12 kabla ya kuthibitishwa. Waliokuwa wanafunzi wangu wa mazoezi sasa wako juu yangu. Soma tarehe kwenye mkataba kabla ya kusaini.

Kijana wa Mbozi: Na umri. Matangazo ya ajira yanasema usizidi miaka 45, isipokuwa walioko kazini serikalini. Ukishaacha, kinga hiyo huna.

Dada wa Mafinga: Michango ya pensheni pia. Shule binafsi ulichangia NSSF, serikalini utachangia PSSSF. Beba taarifa za kote kuwili.

Mzee Mufindi: Nenda na nakala tatu za kila kitu. Usimfiche afisa utumishi kwamba ulikuwa mtumishi, cheki namba haifi.

Mwl_Rungwe: Asanteni mno. Barua yangu ya kukubaliwa kuacha kazi iko kwa mama, Tukuyu, ndani ya Biblia. Kesho napanda kosta ya saa 12 asubuhi. Mama Ikonda, nakuja inbox, jirani yetu mmoja alipata kibali mwaka jana.