Dalili za kipupwe Dar: mnaangalia nini hasa?

Kijana_wa_Tabata
Wakuu, salaam. Kila Septemba mitandao hujaa picha za Ulaya na Marekani: majani mekundu, watu wanashangilia joto kuondoka. Kwetu Dar kaskazi (upepo wa kaskazini) imeshakwisha na masika yanaelekea ukingoni. Anayetaka kufurahia msimu unavyogeuka hapa mjini aangalie nini, wapi, saa ngapi? "Asubuhi kuna kaubaridi" nalijua tayari.

Tanga_na_Mlingoti
Mkuu, kwanza tenganisha ubaridi wa mvua na kipupwe. Aprili wingu likitanda kutwa, mchana hupoa, lakini usiku joto hukwama kwenye nyuzi 23 au 24 na shuka hunata. Hicho si kipupwe. Kipupwe chenyewe, Juni hadi Agosti, jua huwaka vizuri tu, nyuzi 28 au 29 mchana, ila alfajiri hushuka hadi 19 hivi na hewa ni kavu. Ukijikuta saa 10 usiku unanyoosha mkono kuzima feni, kimefika.

Mwenye kazi ni upepo. Kaskazi ikifa huja maleleji, upepo usio na mwelekeo, halafu kusi, upepo wa kusini, inashika. Tazama bendera au moshi wa jalala: vikilalia kaskazini-magharibi siku kadhaa mfululizo, kusi imeingia. Coco Beach inaipokea kifuani, mawimbi na mwani tele. Ghuba ya Msasani imekingwa na rasi, maji hutulia zaidi. Kwa hiyo wanaokwenda kisiwa cha Bongoyo hudanganyika: boti ikitoka Slipway, ndani ya ghuba, bahari ni shwari, wakishatoka kwenye kinga wanalowa. Ondoka saa 2 au 3 asubuhi, rudi kabla ya saa 8 mchana, kwa sababu alasiri upepo wa bahari hujiongeza juu ya kusi.

Kutembea mwambani, subiri bamvua, yaani mwezi mpevu au mwandamo na siku mbili tatu baadaye. Siku hizo maji hukupwa kabisa kuanzia saa 4 asubuhi hivi, na kila siku husogea mbele kwa karibu dakika 50. Vaa raba, si kandambili.

Na usianike mpunga ukadhani mvua imeaga. Mchoo hupita Julai na Agosti, manyunyu ya nusu saa basi.

Kivuli_cha_Saa_Sita
Nyongeza kutoka juu. Simika fimbo ya mita 1 wima kwenye sakafu iliyonyooka, upime kivuli kati ya saa 6:20 na 6:25 mchana (Dar jua halifiki kileleni saa 6 kamili, tuko magharibi ya mstari wa saa zetu). Mwanzoni mwa Machi, karibu saa 6:35, kivuli hupotea kabisa, jua liko utosini. Katikati ya Mei ni kama sentimita 48, kimeelekea kusini. Mwishoni mwa Juni kinafika 58, halafu kinaanza kurudi.

Faida ya kujua hili ni ya nyumbani. Msimu huu jua linapiga upande wa kaskazini wa nyumba, na upepo unatoka kusini. Godoro na viatu vilivyoota ukungu wa masika vianikwe kaskazini, saa 3 hadi saa 9. Madirisha ya kusini yafunguliwe pamoja na la upande wa pili, la sivyo hewa haina pa kutokea.

Wazee walikuwa na kilimia, kundi la nyota. Hupotea kwenye mwanga wa jua mwezi Mei. Mwishoni mwa Juni, saa 11 alfajiri, angalia mashariki ukielemea kaskazini: ni nyota chache zilizosongamana. Ufukweni ni rahisi kuliko Kariakoo, taa zinaua kila kitu.

Mche_na_Mbolea
Majani mekundu yapo, tena bila viza. Mkungu, ule wa matawi ya ngazi-ngazi kama meza, hugeuza majani kuwa manjano kisha mekundu kabla ya kuyaangusha, kwa sababu kijani huvunjwa na rangi nyingine zinajitokeza. Usitegemee mti mzima kuwaka siku moja. Mkungu mmoja umepukutika, wa jirani bado mbichi, na mara nyingi hurudia mara mbili kwa mwaka. Pita mitaa yenye mikungu mingi pwani, chukua majani yaliyoanguka asubuhi hiyo. Ya jana yameshakuwa kahawia. Mibuyu ya Oysterbay nayo inavua nguo ukame ukikaza.

Kijana_wa_Tabata
Nimeelewa. Na sokoni je?

Mche_na_Mbolea
Machenza na machungwa ya Muheza. Usichague kwa rangi: ganda hupoteza kijani usiku ukiwa wa baridi kweli, na pwani haufiki huko, kwa hiyo chungwa la kijani linaweza kuwa tamu kabisa. Shika mawili ya ukubwa mmoja, chukua zito, lenye ganda jembamba na laini. Chenza lililolegea sana ganda limeshakauka ndani. Samaki wa soko la Feri nunua mapema, kusi ikikaza ngalawa nyingi haziendi na bei inapanda.