Majumba ya Mji Mkongwe kugeuzwa hoteli za kifahari: tuunge mkono au tupinge?

Mleta hoja
Ndugu zangu, tulijadili hili bila kutukanana. Siku hizi jumba kubwa likitengenezwa Mji Mkongwe wa Zanzibar, mara nyingi linatoka hoteli: vitanda vya besera, milango ya nakshi, chakula cha usiku juu ya paa. Mimi naunga mkono, na sababu yangu ni kuta.

Kuta zile ni mawe ya matumbawe na chokaa, dari zimebebwa na boriti za mikoko. Ndiyo maana vyumba ni virefu na vyembamba: upana hauzidi urefu wa boriti. Paa likivuja, maji yanashuka ukutani, chokaa inalegea, boriti zinaoza vichwa pale zilipoingia ukutani, mwisho ghorofa inakuja chini. Ukipaka saruji umezidisha, kwani unyevu unakosa pa kutokea. Kazi hiyo haina mwisho, na familia moja haiiwezi. Hata serikali ilishindwa: Beit al-Ajaib, jumba la Sultan Barghash la 1883, limo ndani ya eneo la Urithi wa Dunia wa UNESCO tangu 2000, likaanguka upande mmoja tarehe 25 Desemba 2020 na watu wawili wakafa. Nyumba ya tajiri Tharia Topan pale mtaa wa Hurumzi ni hoteli, nayo imesimama.

Bint Shangani
Imesimama, lakini kwa ajili ya nani? Mambo Msiige lilikuwa jengo la umma, pembeni mwa bahari. 2015 likafunguliwa kuwa hoteli ya Park Hyatt, pamoja na jengo jipya ubavuni, baada ya Kamati ya Urithi wa Dunia kuulalamikia mradi ule. Chokaa nzuri, sikatai. Ila nyumba ikishakuwa hoteli, barazani hukai tena, mlinzi anakuuliza unamtaka nani. Jirani anahamia Ng'ambo, nje ya Mji Mkongwe, duka la unga linauza vinyago, na watoto wa chuo cha Kurani hawasikiki tena kichochoroni. Mji ule ni watu, kaka yangu.

Mkaazi wa Malindi
Nyote mnawasahau wapangaji. Nyumba nyingi ni za wakfu, nyingine za serikali tangu baada ya Mapinduzi ya 1964, na kodi yake haitoshi hata kubadilisha boriti. Watu wanalala chini ya dari zilizopinda. Hoteli zikatwe fungu maalumu, liende moja kwa moja kwenye mapaa ya nyumba hizo. Bila hivyo tunaokoa vyumba vya wageni tu.

Mleta hoja
Hilo la fungu nalikubali kwa mikono miwili. Naongeza: jumba la umma lisikodishwe mpaka mkataba useme wazi kwamba baraza na njia ya pwani ni za wote, na Mamlaka ya Mji Mkongwe iwe na nguvu ya kusimamisha ujenzi ukivuka kimo kilichoruhusiwa. Bint Shangani, hayo yakiandikwa na kusimamiwa, bado utapinga?