Yule mtu wa Bulaya amenionyesha ukumbini nikiwa kwenye sleji! Mbele ya baba mkwe!

Kijana_Katindo aliandika:

Sitalala leo bila kulitoa hili. Munamjua wote, sina haja ya kutaja jina. Yule anayeshuka Goma kila mwezi wa saba na koti la manyoya jua likiwa utosini, anayeingia nyumba za watu akiuliza kwa sauti wapi choo "cha kisasa". Ndiye huyo huyo.

Jana kwenye harusi, ukumbi umejaa, wazee wamekaa mbele, baba mkwe wangu meza ya kwanza kabisa, jamaa anamwomba DJ waya wa projekta. Tukadhani ni picha za bibi harusi akiwa mdogo. Kumbe ni MIMI. Mimi kwenye theluji ya Ufaransa, nimelazwa ndani ya sleji ya uokoaji, kile kitanda cha kuburuta majeruhi thelujini, nimefungwa mikanda kuanzia kifuani mpaka magotini, pua tu ndiyo inaonekana, na sauti yake nyuma ya simu inapiga kelele: "Kabichi ya Kibumba inashuka! Pisheni kabichi ya Kibumba!"

Kabichi. Mbele ya baba mkwe.

Nianzie kule Bulaya mujue uovu ulivyopangwa. Februari mwaka jana nilikuwa Grenoble kwa mafunzo. Akanichukua akanipeleka Chamrousse, mlima ambako walishindania ski ya Olimpiki mwaka 1968, ule mchezo wa kuteleza kwenye theluji na mbao miguuni. Alihubiri hiyo 1968 njia nzima, ungedhani medali iko mfukoni mwake. Chini hali ilikuwa ya kuvumilika. Juu, Mungu wangu, upepo ule hauvumi, unachapa viboko! Kamasi iliganda puani tukiwa bado kwenye kile kiti cha kamba, kiti kinayumba, miguu inaning'inia na mbao zake, buti la plastiki limenibana kifundo mpaka nimesahau kuwa nina vidole. Tumefika juu tu, wafanyakazi wakasimamisha viti nyuma yetu kwa sababu ya upepo. Imebaki kuteremka.

"Ni pisti ya buluu, ya watoto," ananiambia, yaani njia ya kuteremkia. Nguzo ya kwanza niliyoiona ilikuwa na duara jekundu, rangi ya njia ngumu kuliko buluu, namba 27. Kule nguzo zinahesabiwa kutoka chini, ya mwisho ni 1. Hesabuni wenyewe.

Akatoa simu. Akasema, "Teremka basi, si wewe mtu wa Goma? Jidai uko kwenye chukudu!" Yaani ile baiskeli yetu ya mbao ya kubebea mizigo. Akaondoka. AKAONDOKA, ndugu zangu! Sikuwa nimefundishwa hata kusimama. Nikashuka kwa matako, vitoto vya chekechea vinanipita kwa mstari nyuma ya mwalimu wao, mpaka ubao mmoja ukanasa, goti likageuka, wakaja watu wa uokoaji na sleji yao. Na huyu aliyekosa dakika ya kunishika mkono akapata dakika za kunirekodi tangu juu mpaka chini!

Halafu jana, ukumbi bado unacheka, akashika maikrofoni akatangaza kwamba hadi leo sijamrudishia euro alizolipia sleji. Baba mkwe hakucheka. Aliinama kwa mkewe, nikamsikia vizuri: "Huyu kijana goti lake lilipona kweli?" Mtu ameshapokea mbuzi zangu, sasa anauliza goti! Kabichi! Mbele ya baba mkwe!

Ndosho_Moja:

KABICHI 😂😂😂 Nimecheka juu ya moto mpaka motari amesimama pembeni kuniuliza kama niko sawa. Weka video!

Mama Furaha:

Pole mwanangu. Huyo namjua tangu anakojoa kitandani. Mimi aliniahidi simu, akaniletea kalenda. Ya mwaka uliopita.

Mzee_wa_Kibati:

Kijana, samahani, lakini umetuaibisha. Nimeangalia: kilele cha Chamrousse ni mita 2,253. Nyiragongo, volkano yetu, ni mita 3,470. Sisi tulikuwa tunalala juu pale, upepo unang'oa mahema, chini lava inachemka, asubuhi tunashuka kwa miguu yetu tukipiga hadithi. Wewe kilima cha mita 2,253 kimekushusha na mikanda?

Kijana_Katindo:

Mzee, kwa heshima yote, Nyiragongo hakuna aliyekufunga mbao mbili zinazoteleza miguuni akakuacha peke yako! Nyiragongo unatembea! Na hakuna aliyekuita kabichi mbele ya baba mkwe wako!

Ndosho_Moja:

Kabichi amekasirika.

Binti_Grenoble:

Niko hapa Grenoble, nimeona niseme. Kaka ana haki. Mtu wa kwanza anaanzia pisti ya kijani, siyo nyekundu. Anafundishwa kwanza kukutanisha ncha za mbao mbele na kutanua nyuma, hapo ndipo anaweza kujizuia. Baada ya kijani inakuja buluu, kisha nyekundu, halafu nyeusi. Na upepo siyo wa mchezo: baridi ikiwa digrii 10 chini ya sifuri na upepo wa kilomita 50 kwa saa, ngozi inaisikia kama 22 chini ya sifuri. Kumuacha mgeni peke yake hapo ni roho mbaya.

Lakini ile pesa ni ya kweli. Tangu sheria ya mlima ya 1985, manispaa za huku zinaweza kumdai aliyeokolewa kwenye ski gharama ya uokoaji. Ndiyo maana watu wananunua bima kabla ya kupanda. Huyo jamaa anajua hivyo, hata huku sote tunamjua. Kwa nini hakukununulia bima?

Mama Furaha:

Kwa sababu anatoa kalenda tu.

Kijana_Katindo:

Asante dada! MUNAONA? Nyekundu! Aliniambia buluu! Na bima hakuitaja hata kidogo, lakini maikrofoni alijua kuishika!

Bukavu_Yetu:

Batu ba Goma munapenda kulia. Baridi gani hiyo? Mi nilipanda boti ya usiku kutoka kwenu kuja Bukavu, ziwa limechafuka, upepo unaingia kila upande, mutu wa pembeni yangu akanitapikia mu kiatu. Asubuhi ananiomba kitambaa! Yeye njo aliomba! Sikufungua uzi mie.

Ndosho_Moja:

Umeufungua sasa hivi. Na boti munalalia mizigo ya wenzenu nyinyi wa Bukavu, mimi nilikuta mtu amelalia jibini zangu za Masisi.

Bukavu_Yetu:

Jibini gani, ile ya kunuka? Ulituwekea ile kintu karibu na injini, boti nzima ikanuka mpaka Idjwi!

Chukudu_wa_Kibumba:

Mimi ndiyo sijaelewa kwa nini kabichi zetu zimeingizwa kwenye matusi. Kabichi za Kibumba zinashuka kwa heshima. Napakia alfajiri, baridi ya kule juu inakata masikio, natelemka mpaka soko la Virunga na mzigo unaonizidi uzito, breki ni kipande cha mpira wa tairi ninachokanyaga kwenye gurudumu la nyuma. Hakuna sleji, hakuna mikanda, hakuna bima. Halafu nikifika, mteja anabonyeza kabichi moja moja na kidole gumba, anaziacha na alama, anasema bei iko juu!

Mama Furaha:

Hapo baba umegusa. Lakini na nyinyi munaweka kubwa juu na ndogo chini ya gunia. Wiki hii nimefungua gunia langu, chini ni vikabichi vya ukubwa wa ngumi.

Chukudu_wa_Kibumba:

Siyo mimi, mama. Hao ni wale wanaonunua njiani na kupakia upya pale kona. Mimi gunia langu unalifungua mbele yangu.

Mzee_wa_Kibati:

Wale wa kona nawajua. Na viazi vyao wanavimwagia udongo ili vizidi uzito.

Kijana_Katindo:

Jamani! Uzi huu ni juu ya yule mtu na projekta! Baba mkwe hajanipigia simu tangu jana!

Bukavu_Yetu:

Chukudu, viazi vyekundu unavyo? Mutu wangu anapanda boti kesho.

Chukudu_wa_Kibumba:

Vipo. Lakini sivipeleki bandarini, kule askari wa mlangoni wananisumbua. Aje Virunga kabla ya saa tatu.

Mama Furaha:

Niwekee na mimi gunia moja, baba. La kufunguliwa mbele yangu.