Wamenigongea pesa kwenye akaunti ya mtu mwingine, leo naambiwa "mwombee awe muungwana"!

Wakuu, naandika mikono inatetemeka. Ndiyo natoka pale sasa hivi, ile benki yenye foleni ya kuzeekea. Mnaijua, siitaji.

Jumatatu nilipeleka kodi ya miezi sita kwa mwenye nyumba, 1,800,000 taslimu. Fomu nimejaza namba ya akaunti tarakimu moja moja kwenye visanduku vyake. Dada wa dirishani, kwenye moja, akagonga saba. Hela ikaenda kwa mtu hata simjui. Leo asubuhi mwenye nyumba kanipigia: "Mwanangu, vipi, unahama?"

Nikarudi na fomu yangu, nikapelekwa kwa mkubwa wao. Mkubwa anatafuna karanga. Anaitazama fomu, anatafuna. Anageuza upande wa pili, anatafuna. Halafu ananiambia: "Kaka, huyo mteja tumempigia hapokei. Mwombee awe muungwana."

MWOMBEE! Kidole kikosee cha kwao, dua nipige mimi! Nauliza jina lake, siri ya mteja. Namba yake, siri ya mteja. Pale hata ukiuliza choo kiko wapi utaambiwa siri ya mteja.

Fomu ninayo hapa mbele yangu. Hiyo moja imesimama wima kama nguzo ya umeme, kipofu angeisoma kwa kupapasa. Nimwombee! Huku anatafuna!

Kijana wa Kimara: Pole mkuu. Ila ile risiti inatoka na jina la mwenye akaunti. Uliisaini bila kusoma?

Mleta mada: Foleni nyuma yangu imefika getini, nisome saa ngapi? Kwani kusoma kwangu ndiko kulikogonga saba?

Wakili wa Kijiweni: Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, kifungu cha 72: aliyelipwa pesa kimakosa lazima airudishe. Hata kama kashanunulia bati. Na benki yenyewe haichomoki kirahisi, fomu yako ndiyo shahidi. Waandikie barua, nakala yako wagonge muhuri wa kupokea. Wakikuzungusha, peleka dawati la malalamiko Benki Kuu.

Bi Harusi Mtarajiwa: Karanga za kuchemsha au za kukaanga?

Mleta mada: Za kukaanga! Maganda anayapukutia juu ya fomu yangu, halafu ananiambia nimwombee!

Ngosha: Mwenye hiyo akaunti ni mimi. Iliyobaki tuma kwenye namba hii.

Kijana wa Kimara: 😂😂 Ngosha utaliwa kichwa.

Mama Wawili: Mleta mada wewe afadhali. Mimi wakala kaniingizia umeme wa 50,000 kwenye mita ya jirani. Wakili, hicho kifungu kinarudisha na umeme? Maana mwenzangu anakaanga samaki kwenye jiko la umeme, mimi nawasha mshumaa.

Kijana wa Kimara: Umeme tu? Wangu kajiungia kwenye bomba langu tangu Pasaka, bili inakuja kwangu na gari anaoshea hapo hapo.

Mleta mada: Jamani, turudi kwenye 1,800,000 yangu.

Ngosha: Mama Wawili, samaki gani?

Mama Wawili: Changu. Mafuta nayasikia yanavyolia.