Bustani, mama aliyetoka eda na Jumamosi zangu za Raskazone: naombeni ushauri

Mwana_Mikanjuni

Assalam aleikum na habari za jioni wote. Miaka yote nasoma tu humu, leo nimeona niandike maana kichwa kimejaa.

Naishi Tanga mjini, Mikanjuni. Nina miaka 41, nauza kwenye duka la vitambaa huko Ngamiani, naingia saa mbili asubuhi natoka saa kumi na moja. Nyuma ya nyumba nina bustani ya matuta sita: matatu ya mchicha, moja la matembele, moja la bamia, moja la nyanya chungu. Huu ni mwaka wa saba. Majirani hununua mafungu, hela yake inanunua nazi na dagaa, lakini si hela iliyonipeleka huko. Nikirudi kazini nilikuwa navua viatu, nakanyaga lile tope la baridi kati ya matuta, na mwili wote unatulia. Pale ndipo nilipokuwa napumzikia.

Mwaka huu mambo yamekuja kwa mkupuo. Machi baba alifariki, kwetu Pangani. Mei mume wangu akahamishiwa Dodoma, anarudi mara moja kwa mwezi Mungu akijaalia. Julai binti yangu mkubwa akaenda kidato cha tano, bweni, na yeye ndiye aliyekuwa akimwagilia asubuhi. Julai hiyohiyo mama akamaliza eda yake, miezi minne na siku kumi, nikamchukua akae na mimi. Ana miaka 66. Nyumbani tumebaki mimi, yeye, na kitinda mimba wangu aliyeanza darasa la kwanza.

Kwa hiyo sasa madumu kumi na mawili ya maji kwa siku ni yangu peke yangu. Sita kabla jua halijatoka, sita nikirudi. Septemba hii mvua hakuna, na mchanga wa huku kwetu ukiumwagia maji, ukigeuka tu umeshakauka. Juzi nilimwagilia saa mbili usiku kwa tochi ya simu, nikakanyaga miche ya nyanya chungu niliyoihamisha kutoka kitaluni siku mbili kabla. Mitano. Nilikaa palepale kwenye tuta nikalia, na najua si miche iliyoniliza.

Jambo la tatu nasita hata kulisema. Kila Jumamosi alasiri nilikuwa nakwenda ufukweni Raskazone na mashoga zangu wawili. Nilijifunza kuogelea nikiwa na miaka 34, mtu mzima na watoto wangu, na sijawahi kujivunia kitu kama kile. Tangu Machi sijaenda hata mara moja. Muda sina, na hata ningekuwa nao, naona aibu kumwacha mama barazani mimi nikacheke baharini. Baba alikuwa baba yangu pia.

Nipunguze nini? Dada yangu anasema ng'oa bustani. Mume wangu anasema tafuta kijana wa kumwagilia. Mama nikimuuliza anajibu tu, "Mimi sina neno, mwanangu." Nisaidieni kufikiri.

---

Kijana_wa_Duga

Pole sana kwa msiba, dada. Mimi nakubaliana na shemeji. Tafuta kijana, mlipe kwa wiki, wewe pumzika. Ukishindwa, weka kisamvu matuta yote sita. Kikishika kinavumilia jua bila kumwagiliwa kila siku.

---

BwanaShamba_Mstaafu

Binti yangu, pole kwa kuondokewa na mzee. Nimefanya kazi ya ugani miaka mingi Muheza na Mkinga, kwa hiyo niruhusu niseme la bustani, la nyumbani nitawaachia wengine.

Madumu kumi na mawili ni mengi kwa sababu matuta yako yameinuliwa. Tuta la kuinuka ni la masika, linatoa maji yasisimame. Kwenye mchanga wakati wa kiangazi unatakiwa ufanye kinyume, ushushe. Chimba tuta lote kina cha mkono hadi kwenye kiwiko. Kisha nenda kwa wauza nazi uombe makumbi, wengi wanatafuta mtu wa kuyaondoa. Yaloweke usiku mmoja, yapange chini ya shimo mgongo chini, tumbo juu, yakae kama vibakuli. Juu yake weka samadi ya mbuzi iliyooza vizuri, kisha rudisha udongo, ila uso wa tuta ubaki chini ya njia kama upana wa kiganja. Makumbi yale yanashika maji, mizizi inayafuata huko. Samadi ya kuku usiitie ikiwa mbichi, itaunguza miche.

Ukishapanda, funika udongo kwa majani makavu au makuti yaliyochakaa. Udongo usiliangalie jua. Ukifanya hivi, mboga iliyokuwa ikidai maji mara mbili kwa siku utaimwagilia mara moja.

Lingine ni mchicha. Kwa nini matuta matatu kwa pamoja? Mchicha unavunwa wiki ya tatu au ya nne, kwa hiyo yote matatu yanakomaa siku moja, unahangaika kuuza, kisha unakaa bila mboga. Sia nusu tuta leo, nusu nyingine baada ya siku kumi. Utakula mwezi mzima na kazi itapungua nusu. Bamia iache imalize kisha usiirudie mpaka vuli. Nyanya chungu itunze hiyohiyo iliyosalia, mche mmoja mzuri utakulisha miezi. Uzikie kila mche chupa ya maji ya lita moja na nusu, kitako umekikata, kifuniko umekitoboa kwa sindano, mdomo chini. Unaijaza baada ya siku mbili au tatu.

Vuli ni Oktoba. Ukichimba mawili tu kabla ya hapo yanatosha. Yasiyochimbwa yaache yapumzike, ardhi nayo huchoka.

---

Shangazi_Chumbageni

Mwanangu, nimesoma mara mbili. Nataka kukugusia ile aibu.

Eda ni ya mama yako, na imekwisha. Dini imeiwekea mwisho, miezi minne na siku kumi, ili mjane arudi kwa watu. Na wewe mtoto, matanga yako yalikuwa siku tatu. Sikwambii usahau, baba hasahauliki. Nakwambia hakuna aliyekuwekea eda ya miezi saba, umejiwekea mwenyewe.

Na mama anayesema "sina neno", mwanangu, ana neno. Mimi nilisema hivyohivyo nilipohamia kwa mwanangu. Niliona mtoto anakimbia asubuhi mpaka usiku, nikaona neno langu litamwongezea mzigo, nikalimeza. Usimuulize mkiwa wima, wewe una dumu mkononi. Kaa naye chini mnachambua mboga, umuulize kitu kidogo.

---

Fundi_Baiskeli

Naunga mkono. Bi mkubwa wangu alipotoka Korogwe kuja kwangu nilimnyang'anya jembe. Nilisema mama umelima maisha yako yote, sasa kaa kitako. Nilidhani namheshimu. Miezi minane akawa halali vizuri, halafu akawa hataki kula. Siku niliyomkuta amepanda vitunguu kwenye beseni lililopasuka nyuma ya choo, akiwa amelificha kwa mbao ili nisione, nilijisikia vibaya sana. Mpe mama tuta lake, na usimwambie apande nini.

---

Nesi_wa_Zamu

Tuta ampe, sawa, lakini madumu asimpe. Nawaona kila wiki, mama wa miaka 60 na zaidi ameteleza kwenye tope akivunja nyonga, na nyonga ya umri ule si jambo dogo. Kama atamwagilia, iwe keni ndogo ya lita tano, na maji uyaache karibu. Weka kigoda bustanini. Kati ya matuta mwaga changarawe au makumbi makavu asiteleze. Na kabla ya yote mpeleke akapime presha na sukari. Baada ya msiba wengi wanaacha hata dawa walizokuwa wakitumia na hawasemi.

---

Ngalawa_ya_Sahare

Dada, mimi ni mvuvi, nitajibu la bahari tu. Umesema ulikuwa unakwenda Raskazone kila Jumamosi alasiri. Hebu kumbuka vizuri, kila Jumamosi mlikuta maji?

Mwezi ukiandama na ukiwa mpevu ndiyo bamvua, yale maji makubwa, na bamvua kwetu maji hujaa alasiri, saa kumi au karibu yake. Kila siku yanachelewa kama dakika hamsini. Wiki ikipita ni maji mafu, yale madogo, na saa kumi ileile yamekupwa, unaukuta mwamba na mchanga. Maana yake Jumamosi moja ni ya kuogelea, inayofuata si ya kuogelea hata ukienda. Basi iwe hivyo. Jumamosi ya maji kujaa ni ya Raskazone, Jumamosi ya maji kupwa ni ya jembe. Sisi kazi zetu zote tunazipanga hivi, siku ya kwenda na siku ya kushona nyavu, na hatuoni tumeibiwa siku.

---

Mwana_Mikanjuni

Nimewasoma wote, Mungu awalipe. Ngalawa, umesema kweli. Nusu ya Jumamosi zile tulikuwa tunakaa mchangani tunakula mihogo tu, tunasema maji leo yametukimbia.

Jana nilifanya kama Shangazi alivyosema. Tulikuwa tunachambua matembele, nikamuuliza mama, "Pangani mlikuwa mnapanda mchicha?" Akasema hajawahi kuupenda mchicha tangu usichana wake, anaula kwa sababu ninaupika. Miezi miwili! Anapenda mnavu na mchunga, vile vichungu, pamoja na tui zito. Nikamuuliza kipi kingine anakikosa. Akakaa kimya kidogo, akaendelea kumenya vikonyo, kisha akasema, "Usiku nasikiliza, sisikii kitu." Nyumba yetu ya Pangani iko karibu na mto unapoingia baharini, usiku unayasikia maji. Huku Mikanjuni mtu anasikia bodaboda na mbwa.

Nilidhani nikitaja bahari nitamtonesha, kumbe ndiyo aliyokuwa anaitaka.

Nikamsomea la Ngalawa. Akauliza, "Leo mwezi ngapi?" Sikujua. Akatoka nje, akautazama, akarudi akihesabu kwa vidole, akasema bado siku nne bamvua. Marehemu baba alikuwa na ngalawa, miaka yote mama ndiye aliyejua arudi saa ngapi.

Dawa za presha alikuwa nazo, zimekwisha tangu Agosti, hakusema. Nesi, ahsante. Kesho naomba ruhusa kazini tunakwenda.

---

BwanaShamba_Mstaafu

Mnavu upewe kivuli kidogo jua la mchana, makuti manne juu ya miti yatatosha. Mchunga wala usihangaike kuupanda kwa mistari. Ukiota wenyewe pembeni ya tuta uache.

---

Kijana_wa_Duga

Nimejifunza kitu. Mimi nilikimbilia kusema lipa mtu. Nina Jumapili mbili za bure, kama hamtajali nije nichimbe hilo tuta la pili, nipeni chai tu.

---

Mwana_Mikanjuni

Nawaletea habari, wiki tatu baadaye.

Matuta mawili yamechimbwa na kutiwa makumbi. Kijana wa Duga alikuja kweli, akachimba lote asubuhi moja, mama akamtengenezea chai ya tangawizi na vitumbua, na sasa anamwita mjukuu. Mchicha tumesia nusu tuta. Madumu yameshuka hadi matano kwa siku, namaliza kabla ya magharibi. Tuta la mwisho karibu na ukuta ni la mama, mimi naruhusiwa kuleta maji tu. Bamia nimeing'oa. Yale mengine mawili yamekaa matupu, na nikipita naumia kidogo kuyaona, sikufichi, Bwana Shamba.

Mume wangu alikuja mwisho wa mwezi, akaona matuta matupu akadhani nimekata tamaa. Ilibidi nimweleze jioni nzima. Binti naye anataka apelekewe picha.

Na Raskazone tumekwenda. Jumamosi ya bamvua kama mama alivyohesabu, saa tisa na nusu maji yalikuwa yameshafika kwenye ngazi. Nilikuwa nimemwekea mama mkeka kivulini na chupa ya chai, nikijua atakaa huko. Niliingia majini na mashoga zangu, na dakika kumi za mwanzo nilikuwa nageuka kila mara kumtazama. Kisha nikasahau. Nilipokumbuka na kugeuka tena, mkeka ulikuwa mtupu. Moyo ulinipasuka. Kumbe yuko ukingoni, kanga ameikunja mpaka magotini, amemshika kitinda mimba wangu mkono, maji yanawapiga miguuni. Hakuwa analia wala hakuwa anacheka. Alikuwa anatazama ule mwamba wa upande wa kushoto.

Nilipomkaribia akaninyooshea kidole pale. Juu ya maji kulikuwa na mstari wa unyevunyevu, mwembamba kama uzi, ambao mimi nisingeuona. "Yameanza kutoka," akasema. "Mna saa moja bado. Rudi ukaogelee."

Mbegu ya mchunga imepatikana kwa jirani. Tunatafuta mbegu ya mnavu, ule wa majani mapana, mama hautaki wa majani madogo. Mwenye nayo hapa Tanga mjini aniambie, nitaifuata kwa baiskeli, isipokuwa Jumamosi ijayo. Maji yatakuwa yamejaa.