Sanduku la mjomba: komiki 340, na wino wake unanitatiza

MpwaWaBaharia:

Salaam wanajamvi. Mnivumilie, maelezo ni marefu kidogo.

Mjomba wangu alikuwa baharia, fundi wa injini kwenye meli za mizigo, kuanzia 1976 mpaka 1994. Wenziwe walirudi Mombasa na redio na vitambaa vya suruali. Yeye alirudi na komiki za mashujaa, na mamangu hajamsamehe mpaka leo. Mwaka jana Mungu alimchukua, sanduku lake la bati likaja kwangu. Mimi ndiye niliyekuwa nikizisoma chumbani kwake Majengo kila likizo, kwa masharti mawili: mikono ioshwe, na mahamri yabaki nje.

Nimezihesabu mara mbili: 340. Nyingi ni za Marvel, kama sitini ni za DC, wachapishaji wawili wa Marekani. Nilianza kuziorodhesha kwenye daftari, kila moja na alama yake kati ya 1 na 10. Nilipofika ya 88 nikarudi nyuma kusoma nilichoandika, nikajicheka. Hulk moja safi kabisa nimeipa 4 kwa sababu hadithi yake ilinichosha. Spider-Man moja iliyotafunwa na mende nimeipa 9 kwa sababu niliipenda nikiwa darasa la tano. Sasa orodha gani hiyo?

Ila kinachonikosesha usingizi ni wino. Kila komiki, ukurasa wa kwanza, mjomba ameandika kwa kalamu ya bluu jina la bandari na tarehe aliyonunua. Durban. Liverpool. Baltimore. Nyingine zina maneno ya ziada. Kwenye moja ya X-Men, kando ya picha ya Storm, shujaa ambaye mamake ni Mkenya, ameandika "mamake huyu ni wetu". Je, mwandiko huu unashusha daraja, yaani ile alama ya hali ya komiki? Na tarehe zenyewe hazikubaliani na zilizochapwa. Mfano, Uncanny X-Men namba 227 imechapwa Machi 1988, naye ameandika "Baltimore, 14 Des 1987". Amenunuaje kitu kabla hakijatoka? Ziko thelathini na moja za namna hiyo. Mama anasema kakake alikuwa mwongo tangu utotoni. Mimi sitaki kuamini, lakini kalenda ni kalenda.

Zimo pia X-Men namba 1 za 1991, tano, majalada tofauti. Binamu yangu kashaanza kuzitafutia mnunuzi wa kumlipia karo.

KaraniMstaafu:

Pole kwa msiba, kijana. Nimekaa masjala Tanga miaka thelathini na moja, komiki zangu hazifiki mia, lakini orodha ni orodha.

Kosa lako ni kuibebesha safu moja mizigo mitatu. Tenganisha. Hali ya karatasi ni safu yake. Utamu wa hadithi ni safu yake, ipe nyota, na hapo mende hawana kauli. Bei ni safu ya tatu, ijazwe kwa penseli kwa sababu hubadilika. Halafu achana na daftari, tumia jedwali la kompyuta, maana utataka kupanga upya kwa mwaka, kwa mchoraji, kwa bandari.

Usinakili jina kutoka jaladani. Jalada hupenda mbwembwe: leo wameandika "X-Men" kubwa, kesho wameongeza neno. Fungua ndani, tafuta maandishi madogo chini ya ukurasa wa kwanza. Hapo ndipo penye jina rasmi, namba, mwezi na mchapishaji. Ukikwama na zisizo na jalada, iko hazina ya mtandaoni inayoitwa Grand Comics Database, inajengwa na watu wa kujitolea tangu 1994. Tafuta humo hadithi kwa majina ya wahusika, utapata namba.

Na mwandiko wa marehemu uupe safu yake: bandari, tarehe, maneno yake. Neno kwa neno, hata akikosea herufi. Usifute kitu.

ZuhuraToronto:

Kaka, hilo la kutofuta nalipigia mstari. Nimeona mtu hapa akisugua wino kwa kifutio mpaka karatasi ikawa nyembamba kama ya sigara. Alikuwa na kasoro moja, akawa na mbili.

Kuhusu daraja: kipimo ni 0.5 mpaka 10, na majina yake yanachekesha. Kilicho 2.0 Wamarekani wanakiita "nzuri", lakini ukikiona ni kimechakaa, kona zimekwisha, mgongo umepasuka. Usije ukamwandikia mnunuzi "nzuri" kwa Kiswahili chetu akadhani unamsifia. Inayotoka dukani ikiwa mpya huwa 9.2 hadi 9.8. Kumi kamili sijawahi kushika.

Mimi naanzia mgongoni. Naiinamisha komiki chini ya taa, naitazama kwa ubavu. Vile vistari vidogo karibu na pini, je, vimevunja rangi? Kama rangi ni nzima, hasara ni ndogo. Kama weupe wa karatasi unaonekana, kila kistari kinakula. Kisha pini zenyewe. Wewe uko pwani, kwa hiyo tazama kutu, na tazama kama kutu imeanza kutia doa karatasini. Kisha kona, kisha fungua ndani uhesabu kurasa zote, moja moja. Usiruke hili! Kwenye komiki za Marvel za 1974 hadi 1976 kulikuwa na stempu za kukata na kubandika kwenye kitabu chake, na watoto walizikata kwelikweli. Hulk namba 181, ambamo Wolverine anatokea kikamilifu mara ya kwanza, ni dhahabu ikiwa na stempu, na ikikosa, thamani huporomoka hata jalada likiwa linang'aa.

Wino wa ndani ni kasoro, ndiyo. Jina dogo au tarehe ukurasa wa kwanza hushusha kiasi, haiui. Kwenye komiki ya 5.0 huenda usione tofauti. Kwenye ya 9.4 itaonekana. Andika tu "mwandiko wa kalamu, uk. 1" na mnunuzi aamue.

Zile tano za 1991, mwambie binamu atafute karo kwingine. Ziliuzwa nakala zaidi ya milioni 8, na kila mtu alizificha kabatini akingoja utajiri. Majalada manne ukiyapanga yanaungana kuwa picha moja, la tano lina picha yote. Ni nzuri ukutani.

Dumizi_wa_Kisauni:

Shekhe, mimi nazinyoosha kwa pasi. Karatasi ya khaki juu, moto mdogo. Zinatoka kama mpya.

ZuhuraToronto:

Dumizi, tafadhali!!! Wapo mafundi wa kunyoosha wenye mashine na vipimo vya joto na unyevu. Pasi ya nyumbani inaacha mng'aro kwenye jalada na kuikausha karatasi.

MpwaWaBaharia:

Nacheka kwa haya, maana na mimi nina dhambi yangu. Nilipokuwa na miaka tisa niliraruwa jalada la Iron Man nikaliunga kwa selotepu kabla mjomba hajaamka. Selotepu sasa ni ya kahawia kama chai, na gundi imepenya mpaka ukurasa wa tatu. Alijua, hakusema kitu, ila chini ya "Durban" ameongeza "fundi alipita". Nimeiona wiki hii.

Niibandue?

ZuhuraToronto:

Usiguse. Itaondoka na rangi. Iandike ilivyo, ipe 1.5 au 1.8, na nyota za hadithi uzipendazo.

Na nisisahau: CGC, kampuni ya Florida inayopima komiki tangu 2000 na kuzifungia kwenye plastiki ngumu, wakikuta imetiwa gundi au rangi kwa nia ya kuipendezesha wanaipa lebo ya zambarau badala ya buluu, na wanunuzi wengi huikimbia. Sikushauri utume kwao kutoka Mombasa. Nauli, bima na ada vitazidi bei ya komiki zako nyingi. Chagua mbili tatu kama kuna za maana, zilizobaki zipime mwenyewe.

Sanduku la bati liondoe sakafuni. Kila komiki na mfuko wake na kadibodi isiyo na asidi nyuma yake, zisimame wima, zisilaliane. Vidonge vya nondo hapana, harufu haitoki tena.

KaraniMstaafu:

Narudi kwenye suala la tarehe, maana naona mmelipita na ndilo lililomleta kijana.

Mwezi uliochapwa jaladani si mwezi wa kuuzwa. Wachapishaji wa Marekani waliusogeza mbele miezi miwili, mitatu, wakati mwingine minne. Muuza magazeti aliutumia kujua lini aondoe nakala kwenye rafu na kuzirudisha, na mnunuzi naye aliona kitu kama bado ni kipya. Iliyoandikwa Machi 1988 ilikuwa rafuni kabla mwaka haujageuka. Desemba Baltimore inakubalika kabisa.

Kwenye za Marvel, tazama pia kisanduku kidogo cha jaladani. Ukiona mistari ya msimbo, ile myeusi inayosomwa na mashine ya dukani, inaelekea aliinunua kwenye kibanda cha magazeti. Ukiona picha ya uso wa Spider-Man mahali pake, ilitoka duka la komiki. Hilo nalo ni safu.

MpwaWaBaharia:

Mistari ya msimbo, mzee wangu! Kibanda cha magazeti, nadhani karibu na geti la bandari.

Nimekesha jana na jedwali jipya. Nimezipanga zote thelathini na moja, tarehe ya mjomba kushoto, mwezi wa jalada kulia. Ishirini na tisa ziko ndani ya miezi miwili mpaka minne. Ya thelathini ina doa la mafuta juu ya tarakimu, siwezi kuapa. Asubuhi nikamsomea mama moja moja, yeye akikanda unga. Alinyamaza muda mrefu, kisha akauliza, "Na ya mwisho?"

Ya mwisho imechapwa Oktoba 1983. Mjomba ameandika "Liverpool, Januari 1982".

Mama akacheka mpaka akaweka bakuli chini. "Huyo sasa," akasema, "ndiye kakangu."